Kupima choo hatua kwa hatua: uone minyoo iliyopo, uache kuandika amiba isiyokuwepo

Huu mwongozo ni wa mtu aliyeko benchi, yaani mwanafunzi wa maabara aliyeko fildi, mhudumu wa zahanati yenye darubini moja, na yeyote ambaye kila akipima choo anatoa moja kati ya majibu mawili: ama "hamna kitu" ama "amiba". Hayo majibu yanatoka kila siku na mara nyingi sana yote mawili hayana ukweli. Mtu ana safura inamnyonya damu anaambiwa yuko safi, mwingine anaharisha kwa sababu nyingine kabisa anapewa metronidazo kwa ajili ya amiba ambayo hakuna aliyeiona. Na chanzo sio uhaba wa mashine kubwa. Ni sampuli iliyochelewa, slaidi nene, mwanga mkali, na jicho lililopita kona moja ya kioo alafu likachoka.

Nazungumzia kipimo cha moja kwa moja, kile cha maji ya chumvi na ayodini, maana ndo kinachofanyika vituo vingi. Kuelekea mwisho nimegusa njia nyingine mbili za pale hiki kinapofika ukomo wake.

Andaa hivi kwanza

- Vikopo vikavu, mdomo mpana, kifuniko cha kubana. Kikopo kilichooshwa na bado kina maji kiache.
- Vijiti vya mbao, slaidi safi, na kava slipu za 22 x 22 mm.
- Maji ya chumvi ya 0.85%: gramu 8.5 za chumvi ya maabara kwenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa.
- Ayodini ya Lugol, kwenye chupa ya kahawia, mbali na mwanga. Ikishapauka ibadilishe, haitatia rangi tena.
- Darubini yenye lensi ya 10 na ya 40, na kondensa (lensi ya chini ya meza inayokusanya mwanga) na dayaframu (tundu la kuongeza na kupunguza mwanga) zinazofanya kazi kweli.
- Skeli ya vipimo kwenye lensi ya jicho kama ipo. Kama haipo, ipiganie, nitaeleza kwa nini.
- Glavu, koti, ndoo yenye dawa ya klorini, kalamu ya kuandika kwenye kioo, saa ya ukutani na rejista.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza asubuhi, weka tone la maji ya chumvi peke yake kwenye slaidi, funika, angalia. Ukikuta vitu vinaogelea, hiyo chupa mwaga, osha, tengeneza nyingine. Chupa ya chumvi iliyokaa wiki nyingi inaota vijidudu vyake na unaweza kuwapa kituo kizima ugonjwa ambao hawana.

Hatua ya 1. Mwelekeze mgonjwa kwa maneno, usimpe kikopo kimya kimya

Hapa ndipo kipimo kinapoharibika zaidi. Mtu anapewa kikopo dirishani, anaonyeshwa choo kwa kidole, basi. Anakuja na choo kilichochanganyika na mkojo, au kimechotwa kwenye maji ya choo cha kuflashi, au kimeokotwa chini kwenye udongo.

Mwambie taratibu: "Mama, kojoa kwanza umalize kabisa. Alafu tandika karatasi au mfuko safi, jisaidie juu yake, ndo uchote kwa hiki kijiti kiasi cha kijiko cha chai. Ukiona sehemu ina damu au makamasi, chota na hapo hapo. Usichanganye na maji." Kama ni mtoto mdogo mwambie achote kwenye poti kavu, sio kwenye nepi, maana nepi inanyonya majimaji yote.

Kuna sababu ya kila katazo. Mkojo unaua amiba na giadia (kimelea kingine kidogo cha utumbo) walio hai. Maji ya bomba au ya kisima na udongo vina vijidudu na viluwiluwi vinavyoishi huko huko, ukiviona kwenye slaidi utadhani vimetoka tumboni.

Muulize pia ametumia dawa gani wiki 2 zilizopita. Watu wengi wanakuja maabara baada ya kupita duka la dawa, na metronidazo au antibayotiki inaweza kuficha vimelea kwa siku kadhaa. Kama amepigwa picha ya tumbo kwa kunyweshwa bariamu, hapo pia unasubiri siku 7 mpaka 10. Usimrudishe kwa ukali, andika tu kwenye fomu ili dokta ajue jibu lisomwe vipi.

Umefanikiwa kama: kikopo ni kikavu kwa nje, kina jina na saa aliyojisaidia (sio saa aliyoleta), na choo hakielei kwenye maji.

Hatua ya 2. Angalia saa kabla ya kuangalia choo

Choo cha majimaji kipimwe ndani ya dakika 30 tangu mtu ajisaidie. Choo laini ndani ya saa 1. Kigumu kinaweza kusubiri, hata kwenye friji, ila kisipite siku.

Kwa nini haraka hivyo kwa cha majimaji? Kwa sababu ndicho kinachobeba amiba na giadia walio hai wanaotembea, na hao wakishatoka mwilini wanakufa na kumomonyoka, baada ya muda unabaki na mabonge yasiyoeleweka. Choo kigumu kina kisti (amiba au giadia aliyejifungia ndani ya ukuta, hatembei) na mayai ya minyoo, vitu vyenye ganda, vinavumilia.

Kwa hiyo kama foleni ina vikopo 8, usipime kwa mpangilio wa kufika. Panga kwa ulaini: cha damu na makamasi kwanza, cha maji kinafuata, kigumu mwisho. Hili peke yake linabadilisha majibu ya kituo.

Onyo: usigandishe sampuli kwenye friza, usiiweke juani wala kwenye inkubeta. Na choo chenye mayai ya safura kikikaa kwenye joto siku nzima mayai yanaanguliwa, unaanza kuona viluwiluwi na kuchanganya na vya strongiloidi, mnyoo mwingine mdogo wa utumbo.

Hatua ya 3. Tumia macho na kijiti

Fungua kikopo, angalia rangi, ulaini, damu, makamasi. Pekua kwa kijiti. Minyoo mikubwa ya askarisi inaonekana yenyewe, mirefu, myeupe kama pinki hivi. Vipande bapa vyeupe, vingine bado vinajikunja, ni vya tegu. Vinyuzi vyeupe vidogo vya karibu sentimita 1, hasa kwa mtoto anayejikuna usiku, ni minyoo wadogo wa njia ya haja kubwa.

Hao wa mwisho wanasumbua sana kwa sababu jike hatagi ndani ya utumbo, anatoka usiku anataga mayai kwenye ngozi kuzunguka njia ya haja. Choo unaweza kupima mwezi mzima usione yai. Kipimo chao ni selotepu: asubuhi, kabla mtoto hajaoga wala kwenda chooni, unabandika upande wa gundi kwenye ngozi hiyo, unaihamishia kwenye slaidi, unaangalia.

Hatua ya 4. Tengeneza slaidi, chumvi kwanza ayodini baadae

Andika namba ya mgonjwa pembeni. Weka tone 1 la maji ya chumvi upande wa kushoto na tone 1 la ayodini upande wa kulia. Chota choo kidogo sana, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye sehemu ya nje na ya ndani ya choo, na lazima kwenye damu au makamasi kama yapo. Koroga kwenye chumvi, alafu chota tena kidogo koroga kwenye ayodini. Huo mpangilio usigeuze: kijiti kikitoka kwenye ayodini kikaingia kwenye chumvi umeua kila kilicho hai, na upande wa chumvi kazi yake ni kukuonyesha vinavyotembea.

Toa manyuzi na mabaki makubwa. Shusha kava slipu kwa mshazari, ukingo mmoja uguse kwanza, ili usifungie mapovu.

Sasa weka slaidi juu ya gazeti. Herufi zisomeke kupitia choo. Zisiposomeka ni nene, rudia. Zikisomeka kama vile hamna kitu juu yake, ni nyepesi mno, rudia pia. Watu wanaruka hapa wakidhani ni kupoteza muda, alafu wanapoteza dakika 10 wakitazama giza.

Hatua ya 5. Punguza mwanga

Mayai na kisti kwenye chumvi hayana rangi kali. Ukiwasha taa mpaka mwisho yanapotea kabisa, unabaki unaona weupe tu. Shusha kondensa kidogo, funga dayaframu mpaka kingo za vitu zionekane kwa mstari, na taa iwe ya wastani. Ukihamia upande wa ayodini fungua mwanga kidogo. Kama kila mara unaambiwa na mwenzako "mbona lipo hapa hapa" na wewe hulioni, anza na dayaframu kabla ya kulaumu macho.

Hatua ya 6. Lensi ya 10, kava slipu nzima

Anza kona ya juu kushoto, nenda mpaka ukingoni, shuka kidogo, rudi. Kila mstari uguse kidogo na uliopita. Unamaliza kioo chote, sio nusu. Hata ukishakuta mayai ya askarisi endelea, maana mtu mwenye minyoo ya aina moja mara nyingi ana na mwenzake.

Sababu ya kusisitiza hivi ni hesabu. Choo ulichoweka ni kama miligramu 2. Ukikuta yai 1 kwenye kioo kizima, maana yake kuna kama mayai 500 kwa kila gramu ya choo. Askarisi jike anaweza kutaga mpaka mayai 200,000 kwa siku kwa hiyo huyo atakutafuta mwenyewe. Ila mnyoo jike wa kichocho cha tumbo anataga mayai mia chache tu kwa siku, na mengi yanabaki kwenye ini na kuta za utumbo. Kwa vipimo vya WHO, mayai 100 mpaka 399 ya kichocho hicho kwa gramu tayari ni maambukizi ya wastani, na hapo kwenye slaidi yako unaweza usione hata yai moja. Ukiangalia nusu ya kioo umejinyima nusu ya bahati yenyewe ndogo.

Haya ndiyo mayai utakayokutana nayo zaidi huku kwetu:

Askarisi: duara au yai fupi, ganda nene lenye manundu kwa nje, rangi ya kahawia ya nyongo, urefu maikromita 45 mpaka 75. Lisilorutubishwa ni refu zaidi, limechafuka ndani, na linakosewa sana kwamba ni uchafu wa mboga.

Safura: ganda jembamba mno, kingo safi, ndani kuna chembe chache zilizogawanyika na nafasi wazi kati yake na ganda. Maikromita 60 mpaka 75. Ndilo linalopotea kwenye mwanga mkali kuliko yote.

Mnyoo mjeledi: umbo la pipa, kahawia, kizibo angavu kila mwisho. Ukiliona mara moja huwezi kulisahau.

Kichocho cha tumbo: kubwa, maikromita 114 mpaka 180, lina mwiba ubavuni. Ukipima watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, Mwanza, Ukerewe, Mara, Kisumu, Homa Bay, litafute hili kwa makusudi. Kama mwiba hauonekani, gusa kava slipu kwa ncha ya kijiti yai lizunguke, huenda limelalia mwiba. Kwa Unguja, Pemba na ukanda wa pwani kichocho kilichozoeleka ni cha mkojo, mwiba wake uko mwishoni, na unapima mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, sio choo.

Tegu: duara dogo, ganda nene lenye mistari kama miale, ndani vijindoano 6. Kwa yai peke yake huwezi kutofautisha tegu wa ng'ombe na wa nguruwe, andika "mayai ya tegu" uishie hapo. Na kikopo hicho kishike kwa uangalifu zaidi, mayai ya tegu wa nguruwe yakikuingia mdomoni yanaweza kukuletea uvimbe kwenye ubongo.

Strongiloidi: huyu hutafuti yai, unatafuta kiluwiluwi kinachojipinda kwenye choo kibichi. Mdomo wake ni mfupi, wa kiluwiluwi cha safura ni mrefu.

Skeli ya jicho inaingia hapa. Mapovu ya hewa, matone ya mafuta, chavua, nywele za mimea na hamira vyote vina maumbo ya kudanganya, ila vikishapimwa vingi vinaanguka vyenyewe. Povu lina ukingo mweusi mzito na ndani hamna kitu. Yai lina ganda lenye unene na kitu ndani.

Hatua ya 7. Lensi ya 40, na hapa ndipo kwenye kesi ya amiba

Upande wa chumvi tafuta mwendo. Giadia hai anapeperuka na kujigeuza kama jani linaloanguka. Amiba hai anasukuma mguu angavu mbele na mwili unafuata, ana mahali anapoelekea. Upande wa ayodini unatafuta kisti na unahesabu viini vyake.

Sasa sikiliza vizuri. Choo cha mtu anayeharisha damu kinajaa chembe za usaha na makrofaji (chembe kubwa za kinga za mwili zinazomeza vitu). Chembe ya usaha ina kiini kilichogawanyika vipande 2 mpaka 4, ukubwa wake unakaribiana na kisti ya amiba, na hii ndiyo inayoandikwa "kisti za amiba" kuliko kitu kingine chochote. Makrofaji ni kubwa, ina kiini kimoja kikubwa, inaweza hata kuwa imemeza chembe nyekundu, na hii ndiyo inayoandikwa "amiba hai".

Tofautisha hivi. Kisti ina ukuta: mstari laini, angavu, wa duara unaozunguka wote. Chembe ya usaha haina ukuta, kingo zake zimechakaa, ndani chenga chenga. Viini vya kisti ni pete safi zenye nukta katikati. Vipande vya chembe ya usaha ni mabonge yasiyolingana.

Alafu hesabu. Viini 1 mpaka 4, kipenyo cha maikromita 10 mpaka 20: kundi la Entamoeba histolytica. Ukizungusha fokasi ukapata zaidi ya 4, mpaka 8, hiyo ni Entamoeba coli, inaishi tumboni bila kumdhuru mtu na haihitaji dawa. Usihesabu bila kuzungusha fokasi juu chini, viini haviko kwenye usawa mmoja.

Na hata ukipata viini 4 safi kabisa, kuna Entamoeba dispar ambayo kwa darubini inafanana moja kwa moja na histolytica na haina madhara. Kwa darubini, dalili ya kuaminika kwamba ni histolytica ni amiba hai anayetembea akiwa na chembe nyekundu za damu ndani yake. Bila hiyo andika "kisti za E. histolytica/E. dispar" dokta apime na hali ya mgonjwa.

Kama una wasiwasi, usiiandike. Chora ulichokiona, mwite mwenzako, tengeneza slaidi nyingine. Jibu la "amiba" lililoandikwa kwa kukisia lina gharama: mgonjwa anamaliza dozi, bado anaumwa, na chanzo cha kuhara kwake hakuna aliyekitafuta tena.

Hatua ya 8. Andika jibu lenye maelezo

Taja kimelea, hatua yake (yai, kisti, kiluwiluwi, hai), na wingi. Taja damu, makamasi, chembe za usaha kama zipo. Chembe za usaha nyingi bila kimelea ni habari kubwa kwa dokta, inamwelekeza kwenye bakteria.

Usipoona kitu, andika "hakuna vimelea vilivyoonekana kwenye sampuli hii". Usiandike "hana minyoo", hujui hilo. Giadia anatoka kwa vipindi, leo yupo kesho hayupo. Askarisi anachukua miezi 2 mpaka 3 tangu mtu ameze yai mpaka mnyoo uanze kutaga. Kwa hiyo kama dalili zipo, omba sampuli 3, kila moja siku tofauti, ikiwezekana kuruka siku moja moja, ndani ya siku 10.

Hatua ya 9. Jibu likiwa tupu na dalili bado zipo

Kukoleza kwa fomalini na etha: unachukua gramu 1 ya choo badala ya miligramu 2, unachanganya na fomalini ya 10%, unachuja, unaongeza etha au ethaili asiteti, unatikisa, unazungusha kwenye sentrifuji, alafu unapima mashapo ya chini. Inakusanya kisti na mayai machache ambayo slaidi ya kawaida ingeyakosa. Ila fomalini inaua, kwa hiyo haichukui nafasi ya chumvi kwa vinavyotembea. Etha inawaka kirahisi mno, isikae chumba chenye moto wala cheche.

Kato-Katz: ndiyo ya kuhesabu mayai. Kibao chenye tundu la miligramu 41.7, selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini na malakaiti ya kijani angalau saa 24, na unazidisha mayai uliyohesabu mara 24 kupata kwa gramu. Hapa watu wanakosea jambo moja kila wakati: wanatengeneza slaidi asubuhi wanasoma mchana. Gliserini inayeyusha mwonekano wa yai la safura, soma ndani ya dakika 30 mpaka 60, ya kichocho na mjeledi yatakusubiri. Choo cha majimaji hakifai kwa njia hii.

Hatua ya 10. Safisha benchi kwa kujua kinachokufa na kisichokufa

JIK ya 3.5% changanya sehemu 1 na maji sehemu 6, unapata klorini ya 0.5%, inatosha kwa benchi na bakteria. Lakini yai la askarisi linaivumilia klorini, ganda lake ni gumu kweli kweli. Kwa hiyo vikopo na vijiti vichomwe, na slaidi unazotaka kuzitumia tena zipite kwenye otoklevu au zichemshwe, sio kulowekwa tu. Vua glavu, nawa kwa sabuni mpaka chini ya kucha, futa lensi ya 40 kama iligusa choo.

Kupima tena baada ya dawa

Mgonjwa wa minyoo ya kawaida akishapewa albendazo, mrudishe baada ya wiki 2 mpaka 3. Ukipima siku ya tatu bado utakuta mayai, na utamfanya dokta aone dawa imeshindwa. Aliyetibiwa kichocho kwa prazikwanteli mpe muda zaidi, wiki 6 hivi, kwa sababu mayai yaliyokwama kwenye kuta za utumbo yanaendelea kudondoka hata minyoo ikishakufa. Andika tarehe ya dawa kwenye fomu ya kipimo cha pili, juu kabisa, aliyeko zamu siku hiyo aione kabla hajagusa kikopo.